Alama saba kutoka Italia: Moroko ilivyoimba Eurovision mara moja na kutorudi

Moroko ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyowahi kupanda jukwaa la Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ambayo kila mwaka huwakalisha mamilioni ya Wazungu mbele ya televisheni mpaka usiku wa manane. Ilipanda Jumamosi ya tarehe 19 Aprili 1980, ikapata alama saba, ikashika nafasi ya 18 kati ya nchi 19. Tangu hapo haijaonekana tena.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa moja kati ya mawili. Wako watakaokwambia Mfalme Hassan II alikasirishwa na matokeo akaapa kwamba nchi yake haitashiriki tena. Wengine watasema nchi za Kiarabu hazitaki kuimba jukwaa moja na Israel, basi. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini ukikaa na tarehe na matokeo ya miaka ile, unaona kwamba hakuna hata moja linalotosha, na kwamba kisa chenyewe kinavutia zaidi kuliko hadithi ya mfalme aliyenuna.

Kwanza tuondoe jambo linalowachanganya wengi. Eurovision haishindaniwi na nchi, ingawa bendera ndizo zinazopepea ukumbini. Wanaoshindana ni mashirika ya utangazaji. Serikali ya Ufaransa haimtumi mwimbaji. Anatumwa na televisheni ya umma ya Ufaransa. Mashirika hayo ni wanachama wa umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulioundwa mwaka 1950 na wenye makao yake Geneva. Umoja huo ulianzisha mashindano mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi saba tu, kwa sababu ulitaka kuonyesha kwamba televisheni za nchi mbalimbali zinaweza kurusha kipindi kimoja kwa wakati mmoja. Nyimbo zilikuwa kisingizio. Kazi yenyewe ilikuwa mitambo.

EBU haikujichorea Ulaya kwa ramani ya shuleni. Ilifuata eneo la utangazaji lililowekwa na umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, kwa ajili ya kugawa masafa ya redio. Upande wa mashariki eneo hilo linaishia nyuzi 40 za longitudo, na kusini linaishia nyuzi 30 za latitudo kaskazini, pamoja na nyongeza za nchi kadhaa zilizoongezwa baadaye. Mawimbi ya redio hayajui mpaka wa mabara, kwa hiyo pwani yote ya Mediterania ikaingia ndani: Moroko, Aljeria, Tunisia, Libya, Misri, Lebanon, Israel. Mashirika ya nchi hizo ni wanachama halali wa EBU, wala si wageni waalikwa. Kwa kujifurahisha tu, nimeangalia sisi tuko wapi. Mombasa iko magharibi ya ule mstari wa nyuzi 40, tena kwa nafasi ndogo sana, na Lamu iko mashariki yake. Haisaidii kitu, maana mstari wa kusini unapita jirani na Cairo, maelfu ya kilomita kaskazini yetu.

Mtu atauliza: na Australia je? Australia haimo katika eneo hilo hata ukiligeuza. Shirika lake la SBS ni mwanachama mshirika tu, lililokuwa likionyesha mashindano tangu 1983 kwa ajili ya wahamiaji kutoka Ulaya, na mwaka 2015, mashindano yalipotimiza awamu ya 60, likaalikwa kuimba. Mwaliko huo ulikuwa wa mara moja, halafu ukaendelea kurudiwa. Kwa hiyo Australia huingia kwa kualikwa, ilhali Moroko inaingia kwa haki. Ikitaka, inajaza fomu, inalipa ada ya ushiriki na kuahidi kuonyesha kipindi kizima.

Mashirika ya Afrika Kaskazini, basi, yanafuata nini EBU kama hayaimbi? Uanachama wake unafanana na wa chama cha akiba na mikopo: mtu anajiunga kwa sababu ya mkopo, na kama kuna sherehe ya mwisho wa mwaka asiyotaka kwenda, hakuna anayemfukuza. Mkopo hapa ni kubadilishana picha za habari, kupata haki za michezo, msaada wa ufundi. Eurovision ni sherehe.

Sasa turudi 1979. Mashindano yalifanyika Jerusalem, na Israel, iliyokuwa imeshinda Paris mwaka uliotangulia, ikashinda tena nyumbani. Kwa desturi mshindi ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata. Shirika la Israel likasema haliwezi kubeba gharama za miaka miwili mfululizo. Mzigo ukatafutiwa wa kuubeba, ukaangukia Uholanzi, ambayo ilikubali na kuyapeleka mashindano The Hague, mji ambao Mkenya anaujua zaidi kwa kesi za ICC. Uholanzi ikapanga tarehe 19 Aprili. Tarehe hiyo iligongana na siku ambayo Israel huwakumbuka askari wake waliokufa vitani, siku isiyofanyiwa burudani. Israel ikajitoa. Bingwa mtetezi hakuwepo kabisa kulitetea taji lake.

Nafasi hiyo ndiyo iliyoifungulia Moroko mlango. Ili kuielewa, kumbuka hali ya mwaka ule. Misri ilikuwa imesaini mkataba wa amani na Israel Machi 1979, na kwa kosa hilo ikasimamishwa katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, hata makao makuu ya Jumuiya yakahamishwa kutoka Cairo kwenda Tunis. Mfalme Hassan II mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Al-Quds, iliyoundwa kuutetea mji wa Jerusalem. Kwa mtu mwenye cheo hicho, kumtuma binti wa Rabat akaimbe katika mashindano ambayo bingwa wake ni Israel kungeleta maneno yasiyokwisha. Israel isipokuwepo, maneno hayapo. Televisheni ya Moroko, RTM, ikaandikisha jina.

Ilimchagua Samira Bensaid, mwenye umri wa miaka 22, ambaye dunia ya Kiarabu leo inamwita Samira Said. Hakuwa mwanagenzi. Alianza kuimba utotoni na kwao alikuwa anajulikana vyema. Wimbo wake uliitwa “Bitaqat Hub”, kadi ya upendo, wenye ujumbe wa amani na mapenzi kwa watu wote, muziki ukiwa wa Abdelati Amenna na maneno ya Malou Rouane. Aliuimba kwa Kiarabu tupu. Hapakuwa na ushujaa maalumu katika hilo, maana tangu 1977 kanuni iliilazimisha kila nchi kuimba kwa lugha yake. Lakini masikio ya ukumbi ule hayakuwahi kuusikia wimbo wa Kiarabu katika mashindano hayo, na wa Kiarabu mwanzo hadi mwisho haukusikika tena.

Alikuwa wa tano kupanda. Kabla yake Luxembourg ilikuwa imeleta wasichana pacha na wimbo wa pengwini, na baada yake akaja Alan Sorrenti wa Italia na mahadhi ya disko. Samira akasimama katikati ya hao wawili na wimbo wenye mizunguko ya muziki wa Kiarabu, ukipigwa na okestra ya Kizungu iliyoongozwa na Jean Claudric. Mimi nausikia kama wimbo uliovutwa pande mbili: vinanda vinataka Paris, sauti inataka Cairo. Sauti ndiyo inayoshinda. Majaji waliokuwa mbali, waliousikia mara chache tu, huenda walichosikia ni mvutano.

Kura za mwaka ule zinahitaji kufafanuliwa, maana ndipo alama saba zinapopata maana yake. Hakukuwa na kura za watazamaji. Kila nchi ilikuwa na jopo lake la majaji. Kila jopo lilichagua nyimbo kumi, ukiacha wa kwao, na kuzipa alama 12, 10, 8, 7, kisha kushuka moja moja hadi 1. Utaratibu huo ulikuwepo tangu 1975, lakini 1980 ndio mwaka wa kwanza alama kusomwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, ile “alama kumi na mbili” ikiachwa mwisho ili watu washikwe roho. Ukijumlisha, kila jopo hutoa alama 58. Majopo 19 yalitoa alama 1,102. Moroko iliondoka na saba.

Saba hizo zote zilitoka Italia. Alama saba ni nafasi ya nne, kwa hiyo majaji wa Italia waliuona “Bitaqat Hub” kuwa miongoni mwa nyimbo nne bora za usiku ule. Majopo mengine 17 hayakuupa hata moja. Kila jopo lilikuwa na nyimbo 18 za kuchagua na kumi zilipata kitu. Kukosa maana yake ni kwamba mara 17 wimbo uliangukia katika zile nane za chini. Tofauti ya Roma na miji mingine ni kubwa mno kuielezea kwa ubora peke yake. Nadhani ni masikio. Mtu wa kusini mwa Italia amezungukwa na nyimbo za Mediterania zenye mapindo ya sauti yanayokaribiana na ya Kiarabu. Mtu wa Helsinki wa 1980 atayajulia wapi?

Kuna upande wa pili wa jedwali ambao husahaulika. Moroko nayo ilipiga kura. Alama zake 12 iliipa Uturuki, iliyowakilishwa na Ajda Pekkan na wimbo wa mapenzi uliojificha ndani ya utani wa mafuta ya petroli, mwaka ambao bei ya mafuta ilikuwa inaiumiza dunia. Uturuki ilimaliza na alama 23, kwa hiyo zaidi ya nusu zilitoka Rabat. Jopo la Moroko lilimtafuta wa kufanana naye likampata. Samira, kwa upande wa Uturuki, hakurudishiwa kitu. Mshindi alikuwa Johnny Logan wa Ireland kwa alama 143. Ufini ndiyo iliyoshika mkia, kwa alama sita, moja tu chini ya Moroko.

Hapo ndipo hadithi ya mfalme inapoingia. Husimuliwa kwamba Hassan II aliyaona matokeo hayo kama dharau akaifunga milango. Inawezekana kabisa, hakuwa mtu wa kuzoea kushindwa, na RTM ilikuwa televisheni ya dola. Lakini mfalme alifariki mwaka 1999. Mwanawe ametawala tangu hapo, miaka inapita, na Moroko haijarudi. Ghadhabu ya mtu mmoja haiwezi kueleza kimya cha zaidi ya miaka arobaini.

Basi tuitazame Israel. Ilianza kushiriki 1973, na ushahidi wa mgongano ni mwingi. Tunisia ilijiandikisha kwa mashindano ya London ya 1977, ikapangiwa hata nafasi ya kuimba, kisha ikajitoa. Mwaka 1978 televisheni ya Jordan, ambayo haikuwa ikishiriki bali ilikuwa ikionyesha tu, ilikata matangazo ilipokuwa dhahiri kwamba Israel inashinda, ikaweka picha ya maua. Baadaye ikawatangazia watazamaji wake kwamba mshindi ni Ubelgiji, ambayo kwa kweli ilikuwa ya pili. Ni kisa cha kuchekesha, lakini kinaonyesha tatizo lilipo: jukwaani unaweza kumkwepa jirani yako, kwenye skrini yako mwenyewe huwezi.

Lebanon ilikwama hapohapo mwaka 2005. Televisheni yake ya umma, Télé Liban, ilikuwa imeshamchagua mwimbaji Aline Lahoud na wimbo wa Kifaransa kwa ajili ya mashindano ya Kyiv. EBU ikataka uthibitisho kwamba kipindi kitaonyeshwa chote bila kukatwa, wimbo wa Israel ukiwemo. Sheria ya Lebanon hairuhusu. Shirika likajitoa dakika za mwisho, likapoteza ada yake na likafungiwa miaka mitatu. Msichana wa watu akabaki na wimbo mkononi. Kanuni iliyomkwamisha haisemi lolote kuhusu siasa. Inasema tu kwamba ukiingia, onyesha vyote.

Kwa hiyo jibu la Israel lina uzito. Lakini lina matundu pia. Kati ya 1956 na 1972 Israel haikuwepo, na hakuna nchi ya Kiarabu iliyoingia. Hilo lina maelezo rahisi: televisheni zenyewe zilikuwa bado changa. Misri ilianza kurusha picha mwaka 1960, Moroko 1962, Tunisia 1966. Tundu la pili ni gumu zaidi. Baada ya 1980 Israel ilikosekana tena 1984, kwa sababu ileile ya siku ya kumbukumbu. 1994, kwa kuwa ilishushwa daraja baada ya kufanya vibaya. Na 1997, kwa sababu ya siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi. Ni milango mitatu iliyoachwa wazi kama ule wa 1980. Hakuna aliyeingia.

Maoni yangu ni kwamba jibu linalokosekana lipo katika maisha ya Samira mwenyewe. Baada ya The Hague hakwenda Paris kutafuta bahati. Alikwenda Cairo, ambako ndiko wimbo wa Kiarabu ulikokuwa na studio, watunzi, magazeti, filamu na soko la kutoka Atlantiki hadi Ghuba. Huko akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa kizazi chake, na mwaka 2002 wimbo wake “Youm Wara Youm” na Cheb Mami wa Aljeria ulipigwa kila mahali. Hakuna hata hatua moja ya safari hiyo iliyohitaji alama za majaji wa Ulaya. Kwa mwimbaji wa Moroko wa miaka ya 80, Eurovision ilikuwa soko dogo lenye kelele, linalokutaka uimbe dakika tatu mbele ya watu wasioijua lugha yako, kisha wakuambie umekuwa wa ngapi. Shirika linaloombwa lilipie hilo, na pia livumilie maswali ya bungeni na misikitini kuhusu Israel, litaona hesabu haitoki. Siasa ilikuwa gharama. Faida ndiyo haikuonekana.

Hesabu hiyo sasa imebadilika kuliko watu wanavyodhani. Kura za simu zilijaribiwa 1997 na kuenea mwaka uliofuata. Mwaka 1999 kanuni ya lugha ikaondolewa, na okestra nayo ikaondoka. Uturuki ilijifunza haraka maana ya kuwa na watu wake Ujerumani wenye simu mkononi. Wamoroko wako wengi Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Hispania. Wimbo wa Moroko leo usingewategemea majaji 17 wasioelewa mapindo ya sauti. Ungepigiwa kura na vijana wa Brussels na Rotterdam ambao mama zao waliwakuza kwa muziki huo jikoni.

Tena masikio ya Ulaya yenyewe yamezoea. Mwaka 2012 huko Baku alishinda Loreen, akiiimbia Sweden. Wazazi wake ni Waamazigh kutoka Moroko. Mwaka 2023 akashinda tena Liverpool, mwanamke wa kwanza kuchukua taji mara mbili. Mwaka 2019 Mahmood, ambaye baba yake ni Mmisri, aliiwakilisha Italia akiwa na maneno ya Kiarabu ndani ya wimbo wake, akawa wa pili. Italia tena. EBU haiulizi pasipoti ya mwimbaji, ndiyo maana Céline Dion wa Kanada aliweza kuishindia Uswisi mwaka 1988. Vipaji vya Afrika Kaskazini vinaingia kupitia mlango wa Stockholm na Milano, na sifa zinaandikwa huko.

Desemba 2020 Moroko ilirejesha uhusiano na Israel, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kizuizi cha mwisho kimeanguka. SNRT, shirika lililorithi kazi ya RTM, halikujiandikisha. Kisha vita vya Gaza vikaugeuza mjadala juu chini, na safari hii waliokataa ni wa Ulaya yenyewe. Desemba 2025, EBU ilipoamua kwamba Israel itaendelea kushiriki, mashirika ya Hispania, Slovenia, Ireland na Uholanzi yalitangaza kutokwenda Vienna 2026, na Iceland ikafuata. Uholanzi ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Samira mwaka 1980, na Ireland ndiyo iliyoshinda usiku ule. Moroko iliingia kwa sababu Israel haikuwepo. Hao wawili wamekaa kando kwa sababu ipo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kuna badiliko moja dogo la kujua. Tangu 2023 watazamaji wa nchi zisizoshiriki wanaruhusiwa kupiga kura mtandaoni kwa kulipia kwa kadi, na kura zao zote, kutoka popote duniani, hujumlishwa na kuhesabiwa kama za nchi moja. Nchi hiyo isiyo na jina hutoa alama zake 12 kama walivyofanya majaji wa Rabat mwaka 1980. Nyimbo tunaweza kuzipigia. Za kwetu ndizo hazimo.